Fundi Aliyejificha Chini ya Meza

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, jina langu ni Yotham, mtu mzima mwenye mvi, baba wa binti mmoja, Ruthu. Hadi mwaka juzi nilikuwa ofisa ugavi katika shirika la umma hapa Dodoma. Shirika likauzwa, sisi tukapunguzwa. Nikafuga kuku, wakafa wote kwa mdondo. Nikaingia ubia wa mashine ya kusaga, injini ikapasuka. Mwisho nikaangukia Chang'ombe, kwenye baraza la Bi Kuluthumu, kujifunza ushonaji kati ya mabinti wanaoniamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu wanacheka kila nikivunja sindano.

Wasomaji wa wiki jana mnakumbuka mliniacha wapi. Mliniacha chini ya meza.

Akina mama wa kanisa kutoka Buigiri walikuwa wamekuja kupimwa sare za jubilii yao, itakayofanyika Mpwapwa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana. Bi Kuluthumu alikuwa amenikabidhi zote, kukata na kushona, ili nione kama nimeiva au la.

Nikachungulia pazia nimwone mteja wa kwanza. Mwenyekiti wao alikuwa amesimama katikati ya chumba, amenipa mgongo, amenyoosha mikono tayari kwa tepu.

Kisogo kile nakijua. Alikuwa mama mkwe wangu.

Ninyi mliohamia Dodoma kwa kufuata wizara mtasema, kuna nini hapo, mama ni mama. Sisi Wagogo hatuchezi na ukwe. Tangu nimwoe Debora, mkwe wangu namjua kwa sauti na kwa kisogo. Akija kwetu kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Sijawahi kula mbele yake wala kumshika mkono. Na sasa nimzungushie tepu kiunoni?

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ndilo lililonipeleka chini ya meza. Mkwe wangu hakujua kwamba mimi ni fundi. Huko Buigiri mimi bado ni ofisa. Debora hakutaka mama yake ajue, kwa hiyo kila asubuhi natoka nyumbani Makole nimevaa suti, nimeshika mkoba, majirani wananipungia. Ndani ya mkoba mna mkasi, tepu na viazi vyangu vya mchana. Nikifika Chang'ombe naivua ile suti nyuma ya pazia na kuvaa shati la kazi.

Siku ya kutuaga pale shirikani tuliletewa kijana mmoja wa tai nyekundu atutie moyo. Akatuambia kila mmoja wetu ana kipaji kilichokuwa kimefungwa na mshahara, sasa kimefunguliwa. Ningependa nimpate leo. Ningemwambia kipaji changu kilikuwa ni huo mshahara.

"Mzee Yotham! Lete tepu!" Bi Kuluthumu aliita kutoka upande wa pili wa pazia.

Akaja mwenyewe, akainama, akaniona nimejikunja kati ya miguu ya meza ya kukatia.

"Unatafuta nini huko?"

"Kifungo."

"Hakuna nguo ya vifungo humu ndani."

"Bi Kuluthumu, nakuomba, shusha sauti. Yule aliyesimama pale ni mkwe wangu."

"Yule mwenyekiti? Ndiye mama yake Debora?"

"Mwenyewe."

Bi Kuluthumu ni mtu wa Kondoa, mila zetu anazijua. Akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Kicheko kilipomwisha, sura ikarudi ile ya kazi.

"Basi nitapima mimi, wewe andika. Lakini nisikilize vizuri, mzee. Kitambaa hiki ni chao, wamechangishana kanisani mwaka mzima. Hakuna cha akiba. Ukiharibu gauni moja, unanirudishia cherehani yangu na unatafuta baraza jingine la kukaa."

"Nimesikia."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia, mwalimu."

Nikatoka chini ya meza, nikashika chaki. Mpango ulikuwa mwepesi. Yeye apime upande wake na kutaja kwa sauti, mimi niandike juu ya meza upande wangu.

"Haya, tunaanza na mwenyekiti," akasema. "Kifua..."

Nisikie kifua cha mkwe wangu kikitajwa kwa inchi? Na baada ya kifua si kitafuata kiuno? Na baada ya kiuno?

Pembeni palikuwa na pamba tunayojazia mabega ya makoti. Nikachomoa mabonge mawili, nikaziba masikio. Nikajiambia hakuna neno, Bi Kuluthumu mwenyewe ataniandikia hivyo vipimo baadaye, mimi niandike vya wengine. Nilijiona mkwe mwenye adabu kuliko wote katika mkoa huu. Nilipozibua, walikuwa wameshahamia kwa mama mwingine, nami nikaandika wote waliobaki bila kukosea.

Walipoondoka nikaenda barazani.

"Bi Kuluthumu, niandikie na vya mwenyekiti."

"Vya mwenyekiti vipi? Si nilikutajia?"

"Niliziba masikio."

Akaacha kukanyaga pedeli. "Uliziba masikio."

"Ni mkwe wangu, nitasikilizaje..."

"Mzee, leo nimepima wanawake wa kujaza kanisa. Unadhani nakumbuka kiuno cha nani kilikuwa kipi?"

"Hata kwa kukadiria?"

"Panda gari uende Buigiri ukampime."

"Nitapata wapi uso wa kwenda?"

"Basi shona hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye pedeli. "Lakini usisahau nilivyokuambia kuhusu cherehani yangu."

Nikatoka nje kupata hewa. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Optatus, tuliyepunguzwa naye siku moja. Yeye hakupoteza muda na vipaji. Alinunua robota la mitumba, akalifungua barabarani, na sasa anapiga kelele "chagua, chagua" kutwa nzima. Mashati yake ya Ulaya yanauzwa kwa bei ya vifungo vyangu. Usiombe kuwa fundi mwanafunzi katika enzi hii ya mitumba. Kama si sare za makanisa na za shule, mafundi wote tungekuwa tunashonea maiti.

"Ofisa!" akaniita. Mpaka leo ananiita hivyo, sijui kwa heshima au kwa dhihaka. "Wale akina mama wamekupata?"

"Wewe ndiye uliyewaleta?"

"Mama mmoja aliniuliza habari, nikamwonyesha mlango. Utaninunulia soda." Akacheka, akageukia wateja wake.

Sikuwa na nafasi kichwani ya kumfikiria Optatus.

Nyumbani Debora alikuwa anachambua mchele. Nikaiweka suti yangu ya uongo kwenye msumari, nikakaa karibu naye.

"Mama Ruthu, nahitaji gauni moja la mama yako. La zamani, lolote."

"La nini?"

Nikamweleza yote. Nilipofika pale pa pamba masikioni hakucheka. Akaacha mchele.

"Mama alikuona?"

"Hakuniona. Debora, tumwambie ukweli. Mimi nimechoka kubeba viazi kwenye mkoba wa ofisi."

"Tumwambie nini? Kwamba mume wangu anashona sketi Chang'ombe?"

"Ndiyo. Ndicho ninachofanya."

"Umemsahau Meshack wa Mpwapwa?"

Nilikuwa sijamsahau. Meshack alimposa Debora kabla yangu. Alikuwa fundi cherehani, kijana mpole, mwenye cherehani yake mwenyewe. Mama mkwe akamkataa mchana kweupe, akasema binti yake haolewi na mtu wa barazani. Ndipo nikaja mimi na tai yangu.

"Mama alikuchagua kwa sababu ya ofisi," Debora akasema. "Leo nimwambie ofisi imekwisha na huyu naye yuko barazani, tena hata cherehani si yake?"

"Basi nipe gauni lake nimshonee, kisha tuendelee kudanganya kwa amani."

"Sina gauni la mama. Na kuna jambo jingine." Akaanza tena kuchambua mchele, haraka haraka. "Jubilii inahitaji mgeni rasmi. Mama amekutaja wewe. Amewaambia wenzake mkwe wake ni ofisa mkubwa, atakuja kusema neno."

"Na nani amekubali?"

Akainamia mchele.

"Debora, nani amekubali?"

"Mimi."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Sikumbuki nilisema maneno gani, lakini majirani wanayakumbuka. Nimefanya kazi ya serikali nusu ya maisha yangu hakuna aliyenialika kusema neno popote. Leo nimekuwa mwanafunzi kati ya mabinti, natafuta kiuno cha mkwe, ndiyo nimekuwa mgeni rasmi!

Nilipomaliza kubwata, Debora alikuwa analia kimyakimya. Akafuta macho, akakunjua kanga, akasimama mbele yangu.

"Nipime mimi. Watu wote husema nimefanana na mama."

Nikatoa tepu kwenye mkoba. Tangu nianze ufundi hakuwahi kutaka hata kuigusa ile tepu, na sasa alinyoosha mikono kama mteja. Nikampima taratibu. Nilipofika kiunoni akavuta pumzi ndani.

"Usibane tumbo," nikamwambia.

"Sijabana."

Alikuwa amebana, nami kwa ajili ya amani nikamwacha.

"Kwa mama niongeze kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani, Debora? Mimi mama yako sijawahi kumtazama."

"Kidogo tu. Mama si mnene."

Nikaamini. Kesho yake nikakata. Na nilishona, jamani. Nilishona mpaka mgongo ukawa haunyooki. Mabinti wa pale barazani wakaacha kucheka, mmoja akaja kuniuliza nimewezaje kulaza kola vile. Kwa mara ya kwanza tangu shirika liuzwe, kuna mtu aliniuliza jambo ninalolijua.

Siku ya kuchukua sare ikafika. Mimi nikabaki nyuma ya pazia na meza yangu. Akina mama wakawa wanaingia chumba cha mbele mmoja mmoja, mlango unafungwa, Bi Kuluthumu anawasaidia kujaribu, kisha wanatoka kwa wenzao barazani. Kila mmoja akitoka, vigelegele. Gauni jeupe, mkanda wa buluu, limekaa sawasawa. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani redioni.

"Fundi wenu ni nani huyu?" mmoja akauliza.

"Yuko huko ndani," Bi Kuluthumu akajibu. "Ana haya."

Nilitabasamu peke yangu. Nakwambieni ukweli, nilisahau kabisa kuwa mimi ni mtu mwenye matatizo.

Mwenyekiti alijiweka wa mwisho. Mlango ukafungwa. Mara mama mmoja huko nje akalalamika pindo limenaswa kwenye msumari wa benchi, Bi Kuluthumu akatoka mbio kulinusuru. Tukabaki wawili humo ndani, mimi na mkwe, pazia katikati.

Nikasikia kitambaa kikivutwa. Kikavutwa tena. Halafu pumzi nzito.

"Fundi."

Nikanyamaza.

"Fundi, uko huko?"

Nikakohoa.

"Gauni limenishika. Juu haliendi, chini halirudi, na mikono haishuki. Mwite Bi Kuluthumu."

Nimwiteje bila kutoa sauti? Na mlango uko upande wake, nipiteje? Nje akina mama walikuwa wameanza wimbo na kupiga makofi, hakuna ambaye angesikia hata ningepasuka koo.

"Fundi, hewa inaniishia humu."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikachukua mkasi, nikasogeza pazia huku uso nimeugeuzia ukutani. Lakini huwezi kumwokoa mtu huku unatazama ukuta. Nikageuka.

Alikuwa amesimama kama siku ile ya kwanza, mgongo kwangu na mikono juu, isipokuwa sasa kichwa chote kilikuwa kimemezwa na gauni langu. Chini alikuwa amejifunga kanga mbili, namshukuru Mungu kwa hizo kanga. Kidogo cha Debora kilikuwa uongo mtupu. Mkwe wangu ni mama wa Kigogo aliyelima na kuzaa, si mtu wa kuongezewa kidogo.

Nikashika ukingo wa nguo kwa ncha za vidole, nisimguse yeye. Mshono wa ubavuni nilikuwa nimeupiga mara mbili, kwa sifa zangu. Kuufumua kungechukua muda ambao yeye hakuwa nao.

"Tulia, mama," nikasema kwa sauti nyembamba isiyo yangu.

"Nimetulia. Kata."

Ile kauli ya Bi Kuluthumu ikawa inanirudia, cherehani na baraza. Kitambaa cha kanisa, michango ya mwaka mzima, na mimi ndiye wa kukipasua.

"Unangoja nini?" akauliza kutoka ndani ya gauni. "Kata tu, Baba Ruthu."

Nikaurudisha uso ukutani.

"Kata, mkwe wangu, nisije nikafia humu."

Nikakata. Kitambaa kikalia kuanzia ubavuni hadi kwapani, mikono yake ikashuka, gauni likaanguka, akavuta pumzi ndefu. Akajifunika kwa kanga, hakugeuka. Nami nikampa mgongo. Tukazungumza hivyo, kila mmoja anatazama ukuta wake, mazungumzo yetu ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake.

"Mama... umejua lini?"

"Siku ile ya vipimo. Nilimuuliza yule rafiki yako wa mitumba unafanya kazi wapi siku hizi, maana nilipita kwenye ofisi yenu nikakuta kufuli. Akanionyesha mlango huu."

"Na ukaja kupimwa hivyo hivyo?"

"Nilikupa mgongo ili usione haya. Kumbe wewe ukaingia chini ya meza. Viatu nilivyokuletea Krismasi nilivitambua chini ya pazia."

Nilitaka sakafu inimeze.

"Nilimkataa fundi mmoja zamani," akaendelea taratibu. "Nikasema sitaki mtu wa barazani. Mungu akaningoja, akanipa huyo huyo kupitia mlango wa ofisi."

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kusamehe. Wenzangu nilishawaambia habari zako kabla sijajua. Mgeni rasmi, ofisa mkubwa. Jumapili wanakungoja Mpwapwa. Ukitaka kuja na suti yako, njoo, mimi sitasema neno, mpaka naingia kaburini. Lakini nimekuwa nikisikia wanavyomsifu fundi hapo nje, nikawa najisikia vibaya kwamba siwezi kusema ni wa kwetu."

Wimbo wa nje ukakatika.

"Mwenyekiti!" wakaita. "Umelala na gauni? Toka tukuone!"

"Na fundi naye atoke!" akadakia mwingine. "Leo haya zake zitaisha, tunamtoa kwa vigelegele!"

Miguu ikasogea mlangoni. Nikatazama gauni lililopasuka sakafuni, nikatazama suti yangu kwenye msumari nyuma ya pazia, na meza ya kukatia, na nafasi iliyo chini yake.

"Mimi nimekuja hadi hapa," mkwe akasema, bado amenipa mgongo. "Mlango huo utaufungua mwenyewe."

Nilikuwa sijasogea, mkasi mkononi, kitasa kilipoanza kuzungushwa kutoka nje.